Tamko Kuhusu Mafunzo ya Vijana Wanaoanza Kazi ya Kukagua Mito na Misitu ya Usambara

Sisi wanachama wa umoja wa wakulima wa mboga, walimu wastaafu na waongoza watalii wa Lushoto, tuliokutana mjini hapa kujadili ajira za vijana na hali ya vyanzo vyetu vya maji, tunatoa tamko hili kwa Halmashauri za Wilaya za Lushoto na Bumbuli, kwa Jiji la Tanga, kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani na kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Dai letu kuu ni moja. Kijana anayechukuliwa kwa mara ya kwanza kukagua mazingira nje ya ofisi, iwe mtoni, msituni, shambani au damponi, afundishwe kazi hiyo kwa vitendo humu humu milimani, kwa miezi inayotosha, akiwa analipwa posho ya kumwezesha kuishi, na akihitimu apewe cheti kinachotambulika.

Mwenzetu mmoja ana binti aliyemaliza kidato cha nne. Ofisi moja ilimchukua kama mtu wa kujitolea, ikamtuma kuchota maji ya kupimwa. Alipewa chupa tupu za juisi. Akazisuuza kijitoni, akazijaza pembeni pale maji yaliposimama, akazitia kwenye begi na kushuka nazo mlima juani hadi jioni. Zilifika maabara kesho yake mchana. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba chupa ya kupimia vijidudu lazima iwe imetakaswa, kwamba mdomo wa chupa unaelekezwa kule mkondo unakotoka, kwamba maji yakae kwenye sanduku la barafu na yafike maabara ndani ya saa chache. Yakichelewa kwenye joto, vijidudu huongezeka au hufa, na jibu la maabara halielezi tena hali ya mto. Binti alifanya kazi kwa bidii na uaminifu wote aliokuwa nao. Namba iliyotokana na chupa zile iliandikwa kwenye taarifa, na taarifa ile ndiyo inayosomwa na watu wanaopanga wapi pachimbwe kisima na wapi pafungwe.

Tunaomba wahusika wakumbuke maji haya yanakwenda wapi. Mto unaopita Lushoto na kuanguka pale Soni unateremka hadi Mombo, ambako wakulima wa skimu wanaungojea. Umba unatoka msitu wa Shagayu, unapita upande wa Mlalo na kuvuka mpaka hadi pwani ya Kenya. Zigi unatoka Usambara Mashariki na kuingia bwawa la Mabayani, na ndio unaonywesha Jiji la Tanga. Mvua moja kubwa ikipiga shamba la kabichi lisilo na makinga maji, kesho yake mto unashuka na rangi ya chai ya maziwa. Na sisi wakulima tukiri wazi: wapo kati yetu wanaosuuza bomba la dawa mtoni baada ya kupulizia nyanya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mtu hapa anaijua kwa jina la mita sitini. Lakini ni nani amefundishwa kuzipima kwenye milima kama yetu? Ukilaza futi kamba ya mita 60 juu ya ardhi yenye mteremko wa nyuzi 30, umbali wa usawa, ule anaouhesabu mpimaji, ni mita 52 tu. Hiyo tofauti ya mita 8 ni matuta kadhaa ya karoti, ni ada ya mtoto wa mtu. Kijana asiyejua hesabu hiyo atamwonea mkulima au atauonea mto, na mkulima akimuuliza swali atabaki kutumia ukali.

Ukali wa namna hiyo tunaujua, na hapa tunaomba kusema kwa kirefu kidogo. Miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaupeleka sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama. Waliotumwa kukagua walikuja kuhesabu matuta na kutoza faini. Wananchi waligoma, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Ulipokuja mradi wa SECAP mwaka 1981, wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, wataalamu walikaa na wakulima shambani, wakapanda nao majani ya Guatemala na miti kwenye kontua, majani ambayo ng'ombe wa zizini anayala. Kingo za majani bado zinaonekana kwenye mashamba mengi. Udongo ni ule ule na mteremko ni ule ule. Tofauti ilikuwa kwa mtu aliyeingia shambani na alichoweza kueleza. Wazee wetu wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili ya kupimia kila mwenye mamlaka: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mkaguzi naye anapimwa kwa maneno hayo hayo, na ndiyo maana tunataka vijana wanaoweza kuzungumza na bibi wa kijijini kwa lugha yake.

Wapo watakaosema kazi ya kupima ni ya wasomi wa shahada. Lakini katika msitu wa kijiji wa Handei, Usambara Mashariki, wanakijiji walifundishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kupima miti ili kukadiria hewa ukaa, unene wake ukichukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini. Uzoefu wa utafiti huo ulionyesha kwamba watu wa kijiji wakifundishwa vizuri, vipimo vyao havitofautiani sana na vya wataalamu. Hata mito ina njia ya namna hiyo. Watafiti wametunga kwa mito ya nchi hii mfumo uitwao TARISS, ambao kwao mtu aliyefunzwa hugeuza mawe, hutambua wadudu wanaoishi chini yake na kuupa mto alama za afya yake.

Tena kazi hii ina hatari zake. Kuanzia mwaka 1980 wilaya yetu iliteswa na tauni kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliougua walizidi 7,000 na waliokufa walikuwa mamia. Kutega panya na kuhesabu viroboto, ambako nako ni ukaguzi, kulikuwa sehemu ya vita dhidi yake. Hakuna mzazi atakayemruhusu mwanawe ashike panya aliyekufa bila glavu wala maelekezo, wala binti yake apande msituni peke yake.

Kwa hiyo mafunzo tunayoyadai yafundishe kusoma kipima mvua kila siku saa tatu asubuhi, jicho likiwa sawa na maji, kusoma kina cha mto, kuchota sampuli, kutumia jipiesi na kupima mteremko, kutambua miti na dalili za ukataji, kuandika daftari ambalo mtu mwingine ataweza kulisoma baada ya miaka kumi, na kuzungumza na mkulima. Vijana wakague wawili wawili. Vyuo vipo: Olmotonyi kwa misitu, Chuo cha Maji Dar es Salaam, chuo cha hali ya hewa Kigoma. Ila kila kimoja kiko mbali na kinafundisha upande wake, wakati kijana wa halmashauri hukutana na yote kwa siku moja. Lushoto ina chuo kinachoandaa watumishi wa mahakama wa nchi nzima. Ina kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI, msitu wa Magamba uko juu ya mji, na msitu wa Mazumbai uko chini ya Chuo cha Sokoine. Tunaomba taasisi hizi zikae na VETA na halmashauri ili kuandaa uanagenzi mmoja. Jiji la Tanga lichangie, kwa kuwa linakunywa. Mamlaka ya Maji Tanga tayari inashirikiana na umoja wa wakulima wa UWAMAKIZI kulinda Zigi.

Kujitolea kusikokuwa na mwisho kukomeshwe. Na kila kipimo kinachochukuliwa kijijini kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji hicho.

Kwa upande wetu, tutawapokea wanagenzi majumbani mwetu. Walimu wastaafu watafundisha hesabu za mteremko kila Jumamosi bila malipo. Mashamba yetu yatakuwa wazi kukaguliwa, na la kwanza kupimwa mita sitini liwe la mwenyekiti wetu, ambalo linapakana na mto.

Limetolewa Lushoto, kwa niaba ya wanachama wote.