Baba mvuvi hana karatasi ya mshahara: mtoto wake ahesabiwe namna gani?

Baba akiwa mfanyakazi wa kampuni mjini Kalemie, hesabu ya pesa za kulea mtoto aliyebaki kwa mama yake haisumbui sana. Kuna mshahara na kuna karatasi yake. Sheria ya kazi ya Congo ya mwaka 2002 inaruhusu mshahara ukatwe kabla haujafika mkononi. Kwa deni la kawaida wanakata kidogo, lakini kwa deni la kumlisha mtu ambaye sheria inakulazimisha kumlisha, wanaweza kufika sehemu mbili kwa tano. Anayelipwa franka 500 000 anaweza kukatwa hadi 200 000.

Sasa shuka na boti kusini mpaka Mpala, pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Nani huko ana karatasi ya mshahara? Watu wanaishi kwa ndagala, mikebuka na mashamba ya muhogo. Mama akienda kwa shefu kulalamika kwamba baba wa mtoto hatoi kitu, jibu tunalijua sisi wote: "Mimi sina kazi." Mara nyingi mambo yanaishia hapo, na mama anarudi nyumbani na mtoto mgongoni.

Jibu hilo halina nguvu mbele ya sheria. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kila mtoto wa Congo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Kuhusu matunzo, haikuweka asilimia yoyote. Inapima vitu viwili: mahitaji ya yule anayelishwa na uwezo wa yule anayepaswa kulisha. Imesema uwezo, haikusema mshahara. Mtumbwi ni uwezo. Nyavu, taa na mota ni uwezo. (Mama naye anapimwa, tusisahau, lakini yeye kwa kawaida ameshaanza kutoa tangu siku ya kwanza.)

Wako wanaotaka tuweke asilimia kama wazungu. Jimbo la Wisconsin, Marekani, linahesabu asilimia 17 ya mapato kwa mtoto mmoja na 25 kwa wawili. Ni rahisi, hata mtoto wa shule anaweza kuipiga. Lakini kwetu, asilimia 17 ya nini? Wengine wanataka kiasi kimoja kwa kila baba. Majirani zetu Watanzania walijaribu: sheria yao ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na ikabaki vitabuni mpaka sheria mpya ya mtoto ya mwaka 2009. Wakati huo shilingi 100 haikulisha mtoto hata siku moja. Sisi tunaojua franka yetu inavyoanguka mbele ya dola, tusirudie hayo.

Kazi ya ziwa ina hesabu yake. Wavuvi wa taa wanaingia usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wanabaki pwani kushona nyavu. Asubuhi wanatoa kwanza pesa ya mafuta, mwenye mtumbwi anachukua fungu lake, halafu vijana wanagawana kinachobaki. Kwa hiyo wababa wawili waliotoka mtumbwi mmoja, usiku mmoja, hawana mapato sawa. Kumwambia kijana wa kuvuta wavu alipe sawa na mwenye mtumbwi ni kumfukuza akimbilie ng'ambo. Kumwachia mwenye mtumbwi alipe kama kijana ni kumwibia mtoto.

Ndiyo maana ninaona kosa kubwa ni kuamuru pesa ya "kila mwisho wa mwezi". Tarehe 30 ikiangukia mbalamwezi, baba kweli hana kitu, na wiki mbili mbele anakuwa nacho lakini hakuna anayemuuliza. Shefu anayesuluhisha, na jaji wa tribinali ya amani dosie ikifika kwake, waandike malipo kufuata giza la mwezi: giza likiisha, mtoto apate fungu lake, pesa au ndagala. Na kwa miezi ambayo uvuvi unafungwa ili samaki wazaane, waandike mapema beseni ngapi za ndagala kavu zitawekwa kwa mama. Ndagala iliyokauka vizuri inakaa.

Na ushahidi je? Wamama wanaonunua samaki pwani wanajua nani alileta beseni ngapi na kwa bei gani. Wengi wanaandika kwenye daftari, kwa sababu wanakopeshana. Sijaona kwa nini daftari hilo lisiwekwe mezani siku baba anaposema hana kazi.