Gogo Lililooza Nalo ni Msitu

Mkaratusi wa miaka mitano hauna mahali pa mjusi kujificha. Nasema hivyo kama seremala wa Kibuye, Kisumu, kwa maana maisha yangu ya kazi nimeyapitisha nikitazama magome. Mkaratusi ukinenepa, gome lake hubanduka vipande virefu na kuacha shina laini lisilo na ufa wala shimo. Misonobari ina gome la kutosha, lakini huvunwa kabla haijapata umri wa kuoza ndani. Mti unaowafaa mijusi wa msituni ni ule ambao mnunuzi wa mbao huutazama mara moja akapita: umepinda, una uvungu shinani, gome limeachana na mwili wake, na nusu ya matawi imekufa. Miti ya aina hiyo ndiyo inayotutoka katika ukanda huu wa ziwa, na mche unaopandwa leo hautaufikia umri huo nikiwa hai.

Tangu Desemba 2022 Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tumetangaziwa hata sikukuu za kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023 na tena tarehe 10 Mei 2024. Nilishika jembe kama wengine, kwetu Kajulu, na nitalishika tena. Ninachokipinga ni hesabu. Tunahesabu miche inayoingia ardhini kisha tunasema tumepata msitu. Miti mizee iliyosalia hatuihesabu, wala magogo yaliyolala chini, wala viumbe ambao bila magogo hayo hawana makao. Viumbe ninaowatetea hapa ni mijusi kafiri, na najua wapo watakaoshangaa.

Sisi wa Kisumu kwa kawaida humfahamu mmoja tu, yule wa ukutani. Taa ikiwashwa anatoka nyuma ya picha au chini ya paa, anawinda nondo, mbu na wale wadudu wa ziwani wanaojaa madirishani. Wataalamu humwita Hemidactylus mabouia. Huyo hahitaji wakili. Amezoea matofali na mabati, na amesafiri na mizigo ya binadamu akavuka bahari mpaka Brazil, visiwa vya Karibi na Florida. Lakini duniani kuna spishi zaidi ya 1,500 za mijusi kafiri, na wengi wao hawajawahi kuingia nyumbani kwa mtu wala hawataingia. Baadhi ya hao ni majirani zetu wa karibu.

Ukipanda matatu ya Kakamega hapa mjini, ukapita Riat, Majengo, Mbale na Chavakali, ukashuka Khayega na kuchukua bodaboda kupitia Shinyalu, unafika Isecheno, kwenye lango la kusini la Msitu wa Kakamega. Mpwa wangu aliyesomea zoolojia Chuo Kikuu cha Maseno ndiye aliyenipeleka pale kwa ajili ya mijusi. Nilikuwa nimeujua msitu ule kwa mbao zake: mutere, mvule, musine. Alinisimamisha mbele ya mti mkubwa wenye mizizi iliyosimama kama kuta, akaniambia, "Mjomba, usitazame juu. Tazama hapa kwenye ufa." Mle ndani alikuwapo mjusi ambaye, hata pamoja na mkia wake, hafiki urefu wa kiganja changu, rangi yake kahawia iliyochanganyika na kijivu, huwezi kumtofautisha na gome mpaka asogee.

"Mtazame miguu," akasema.

Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vimepinda kwenye viungo, na kila kimoja kina ukucha. Hana zile pedi pana zinazomwezesha yule wa nyumbani kutembea darini na kwenye kioo. Mboni ya jicho lake ni ya mviringo, kwa hiyo mchana hutoka kutafuta riziki pale penye kivuli, ilhali yule wa ukutani ana mboni ya wima ya mwindaji wa usiku. Maumbile hayo mawili, vidole na jicho, yanaeleza maisha yake yote. Ni kiumbe wa kushika makunyanzi ya gome na mawe, wa giza jepesi na unyevu. Hutaga mayai mawili kwa mpigo, yenye ganda gumu, na majike kadhaa huweza kuyaweka kwenye ufa mmoja. Ukiuondoa mti huo mmoja, unaondoa chumba cha uzazi cha ukoo mzima.

Mjusi huyo alipewa jina la Mlima Elgon. Arthur Loveridge, aliyewahi kufanya kazi katika makavazi ya Nairobi kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard, alizunguka misitu ya mvua ya Afrika Mashariki mwaka 1933 na 1934, na mwaka 1936 akamtangaza kwa ulimwengu wa sayansi kwa jina elgonensis. Kwa miongo mingi aliwekwa katika jenasi iitwayo Cnemaspis pamoja na mijusi wa Asia. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa ndugu hao wa Asia hawakuwa ndugu. Mwaka 2022 Patrick Malonza wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Aaron Bauer wa Marekani waliandika katika jarida la Zootaxa wakilifufua jina la zamani, Ancylodactylus, lililotolewa mwaka 1907, na katika makala hiyohiyo wakaeleza spishi sita mpya kutoka Kenya.

Sita! Katika nchi ambayo wengi wetu tunadhani wanyama wake wote walikwisha kuorodheshwa na kutiwa kwenye vitabu vya watalii. Hawakutoka nchi ya mbali isiyofikika. Walitoka kwenye vilima kama Kasigau kule Taita Taveta, Chyulu, na milima ya Mathews kaskazini. Kwa muda mrefu mijusi wa namna hii walionekana kama kitu kimoja kilichotapakaa huku na kule. Malonza na mwenzake walipowalinganisha kwa magamba, kwa vipimo na kwa vinasaba, wakakuta kwamba kilima kimoja kina wake na cha pili kina wake.

Sisi wa ziwani tunapaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko watu wengine, kwa sababu tunakijua kisiwa cha Mfangano. Kilima chenye msitu wa ukungu juu na nyika kavu pande zote ni kisiwa. Mjusi anayehitaji unyevu na gome zee hawezi kuivuka nyika ile, sawa na mtu asiye na mtumbwi. Vizazi maelfu vikipita, wale wa kilima hiki wanakuwa tofauti na wale wa kilima kile. Kwa hiyo msitu wa Kasigau ukiteketea, huwezi kujifariji kwamba Chyulu bado upo. Kilichopotea hakipo kwingineko.

Sasa nawauliza viongozi wa kaunti za ziwa: Je, vilima vyetu navyo vitatazamwa kwa jicho hilohilo? Tuna Gwassi kule Suba. Tuna kingo za Nandi zinazoonekana kutoka Ahero. Tuna Got Ramogi kule Bondo, ambako wazee husimulia kwamba ndiko mhenga Ramogi alikopiga kambi Wajaluo walipoingia nchi hii, na kwa heshima hiyo msitu wake umebaki umesimama huku vilima jirani vikinyolewa. Kwetu Kajulu mawe makubwa yenye nyufa za kila aina yanapasuliwa kuwa kokoto kila siku ya Mungu. Nataka mtaalamu mwenye tochi na daftari atangulie mbele ya nyundo. Maseno ipo na makavazi ya Kisumu yapo, na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti hawakosekani. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko jukwaa moja la sherehe ya kupanda miti.

Si lazima mtu aende Kakamega ili aanze kuona. Hapa mjini, kwenye mashina ya ng'owo, yaani mikuyu, na migunga mikubwa karibu na hifadhi ya swara na Hippo Point, saa nne asubuhi jua likipiga, huwa naona mijusi kafiri wadogo wa mchana wakikimbizana kuzunguka shina. Ni wa jenasi ya Lygodactylus, ambayo ina spishi zaidi ya 60, nyingi zikiwa za Afrika. Hawa wana pedi vidoleni na pia chini ya ncha ya mkia, hivyo mkia nao hushika mti kama mguu wa tano. Nimeunga mbao kwa gundi ya kila namna, na bado husimama kuwatazama wakishika na kuachia, wakishika na kuachia, bila kubakiza alama. Dume mmoja hulinda shina lake na kumfukuza dume mwingine. Serikali ya jiji inapokata ng'owo wa miaka 80 ili kupanua barabara na kupanda miche ya mapambo badala yake, hesabu ya miti huenda ikaongezeka. Hesabu ya mashina yanayofaa kugombaniwa hupungua.

Narudi kwenye magogo, maana huko ndiko ninakotaka mabadiliko. Msitu wa Kakamega ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1933, na eneo lake rasmi ni kama kilomita 240 za mraba, lakini ni sehemu yake tu iliyo msitu wa asili uliofunga. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, miti ilikwenda kuwa nguzo za mashimo ya migodi. Wakafuata wapasua mbao, wakichagua miti minene na iliyonyooka. Iliyosalia mizee ni ile iliyokataliwa. Siku hizi kuikata ni kosa, lakini ikianguka yenyewe, kuni kavu zinaruhusiwa kuokotwa kwa ada ndogo ya mwezi. Kwa hiyo mti unaweza kunusurika msumeno kwa miaka 100, na wiki mbili baada ya kuanguka ukawa umekatwakatwa na kubebwa wote.

Siwalaumu akina mama wanaobeba kuni. Mzigo ule kichwani ni chakula cha jioni na karo ya mtoto, na sehemu ya kuni na makaa ya Magharibi inaishia kwenye majiko yetu hapa Kisumu, Kondele na Manyatta. Ninachosema ni kwamba kanuni inaliona gogo kuwa takataka ya msitu, kumbe ndilo nyumba. Ndani ya gogo linalooza mna mchwa na mende wa mbao, mna unyevu wakati wa kiangazi cha Januari, mna nyufa za kutagia. Mjusi wa gome hana pa kuhamia gogo likiondoka na mti wa jirani ukiwa kijana. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inazipa jumuiya za misitu nafasi ya kusimamia misitu pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), na Kakamega ina jumuiya ya Muileshi. Chombo cha kupanga upya uokotaji wa kuni kipo. Vitenganishwe vipande vinavyookotwa na vile vinavyoachwa: matawi yaende jikoni, shina nene libaki lilipoangukia. Na kuni za kufidia zitoke kwenye mashamba ya mikaratusi, ambayo kwa kazi hiyo inafaa sana.

Wapo watakaoniambia kwamba nikiwatangaza mijusi hawa nitawaita wafanyabiashara. Hofu hiyo ina msingi. Katika msitu mdogo wa Kimboza, Morogoro, yuko mjusi kafiri wa buluu angavu aitwaye Lygodactylus williamsi anayeishi kwenye miti ya mkadi. Kati ya 2004 na 2009 zaidi ya 30,000 walikamatwa na kuuzwa Ulaya na kwingineko kama wanyama wa kufugwa kwenye visanduku vya kioo, na miti ya mkadi ilikatwa ili wakamatwe kwa urahisi. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kuwatoa porini ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Lakini waliowakamata walikuwa wamekwisha kuwajua na kuwapangia bei. Watu wa Morogoro ndio walioachwa gizani. Mjusi wa kahawia wa Kakamega hana rangi ya kuuzika, na adui yake ni shoka letu, kwa hiyo kutomtaja hakumlindi.

Wengine watasema mjusi kafiri ana sumu, akitembea kwenye ugali watu wanakufa. Hana sumu. Hakuna mjusi kafiri yeyote mwenye sumu, wa nyumbani wala wa msituni. Watoto wetu wanastahili kuambiwa hivyo darasani kabla hawajaokota fimbo.

Ombi langu kwa KFS, kwa Muileshi na kwa serikali za kaunti za Kisumu, Vihiga, Kakamega na Siaya ni hili: kabla ya mvua ndefu zijazo, kabla ya mche mmoja kupandwa, ipitwe kila sehemu ya msitu wa asili na kila kilima kilichobaki na miti, na kila shina zee lenye uvungu, pamoja na kila gogo nene lililolala, lipewe namba ya rangi nyeupe na kuandikwa daftarini. Namba hizo zisomwe jukwaani siku ya kupanda miti, pamoja na idadi ya miche. Rangi nitaitoa mimi, na brashi, na vijana wawili wa karakana yangu.