Huyu Si Mtoto Tena

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Mchikichini, kama katika miji yetu yote, yumo mtu mzima anayeitwa mtoto. Umri wake ni miaka 30, pengine 40. Wadogo zake wamekwisha kuoa na kuolewa, nao wana watoto wao. Yeye bado ni mtoto, kwa sababu alizaliwa na ulemavu wa akili. Mgeni akiuliza, mama hujibu kwa upole: "Huyu mtoto wangu ana matatizo kidogo."

Hapana ubaya uliokusudiwa katika neno hilo. Ni neno la mapenzi, tena ni bora mara mia kuliko taahira, zezeta na mengineyo ambayo mitaa yetu haijaacha kuyatumia. Hata hivyo, neno hilo la mapenzi lina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mwili wa yule yule anayependwa.

Mtoto hupewa pipi ili anyamaze. Mtoto akililia soda hununuliwa, maana nani atakayevumilia kilio chake? Mtoto hatumwi kazi nzito, wala haachwi atoke peke yake. Mambo hayo yanaweza kueleweka kwa mwenye miaka mitano. Lakini mtu wa miaka 35 akitendewa hivyo kila siku, mwaka baada ya mwaka, atanenepa kupita kiasi, pumzi itakuwa fupi, magoti yatauma, na maradhi ya kisukari na shinikizo la damu yatabisha hodi mapema. Tafiti zilizofanywa Uingereza na Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba unene wa kupindukia umeenea zaidi miongoni mwa watu wazima wenye ulemavu wa akili kuliko miongoni mwa watu wengine, na hasa kwa wanawake.

Pengine msomaji atauliza: mbona zamani hatukulisikia jambo hili? Sababu moja ni kwamba zamani wengi wao hawakufikia utu uzima. Huko Marekani, mwaka 1983, wastani wa maisha ya mtu aliyezaliwa na hali iitwayo Down ulikuwa kama miaka 25. Leo umefika karibu miaka 60. Tiba ya moyo na dawa za kuua vijidudu zimefanya kazi yake. Huku kwetu pia wapo wengi ambao wazazi wao waliambiwa wasitegemee kuwaona wakikua, nao leo wameota mvi. Tulijiandaa kumlea mtoto. Hatukujiandaa kuishi na mtu mzima.

Yafaa tutazame pia jinsi mambo yanavyobadilika shule inapokwisha. Hapa Ilala tunayo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambayo imesomesha watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wakiwamo wenye ulemavu wa akili. Mtoto anayekwenda shule huamka kwa saa maalumu, hutembea, hucheza na wenzake, na hula kwa wakati. Siku anapomaliza, kengele hunyamaza. Kuanzia hapo siku yake yote huwa ni mkeka, televisheni na sahani. Aliyekuwa akikimbia uwanjani anakuwa mtu wa kukaa kibarazani, na baada ya miaka michache jamaa husema, "Ndivyo alivyo." Sivyo alivyo, ndugu msomaji. Ndivyo tulivyomfanya.

Tuanze na sahani yake. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari ya kuongezwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mwili huipata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi isizidi nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, au vijiko sita vidogo vya chai. Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Chupa moja ya soda ya mililita 350, kwa aina nyingi, ina sukari ya gramu 35 au zaidi, yaani karibu vijiko tisa. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vinne kila kimoja ni vijiko 12. Hatujahesabu maandazi, vitumbua wala biskuti za kumtulizia. Mtu huyu amepita vijiko 20 kabla ya chakula cha usiku, na hakuna aliyekusudia kumdhuru.

Mafuta nayo yana habari yake. Jina la mtaa wetu latokana na mchikichi, mti utoao mawese, na mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa mjini leo ni ya jamii hiyo hiyo ya mchikichi, yakitoka nchi za nje. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori zipatazo 120. Chipsi mayai ya kila jioni, au nyama ya kukaanga yenye mafuta mengi, iwe ya ng'ombe, ya mbuzi, au ya nguruwe kwa wale ambao imani yao haiwakatazi, ni mzigo mkubwa kwa mtu asiyetembea. Mwendo wa haraka wa nusu saa huunguza nguvu inayokaribia ile iliyomo katika chupa moja ya soda. Kwa hiyo mazoezi peke yake hayawezi kufuta makosa ya sahani, wala sahani peke yake haiwezi kuwa badala ya mazoezi.

Wasomaji wa makamo watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, wakati wananchi walipokusanyika vikundi vikundi kando ya redio kujifunza. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo ilipoundwa kisheria Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Fundisho la siku zile halijachakaa: afya ya nyumba hujengwa na wenye nyumba wenyewe, kwa vitu vilivyo karibu nao. Ugali wa dona, maharage, dagaa, mchicha, tembele, kisamvu, papai na chungwa vyote vipo katika masoko ya Ilala na Kariakoo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali au wali, na robo iwe maharage, samaki au kuku. Mara nyingi fungu la mchicha halizidi bei ya soda. Mama anayehesabu senti ataona kwamba mlo huu haumwongezei matumizi, aghalabu humpunguzia.

Ila kuna sharti moja lisilokwepeka: nyumba nzima ile mlo huo. Si haki kumnyima mtu mmoja soda huku wengine saba wakinywa mbele yake. Yeye haelewi hotuba ya kisukari, lakini anaelewa vizuri sana kubaguliwa. Tena mabadiliko yaende polepole. Wiki hii punguza nusu kijiko cha sukari katika chai, wiki ijayo nusu nyingine. Chakula kiwe kwa saa ile ile kila siku, kwa kuwa wengi wao hupata utulivu katika utaratibu. Mwonyeshe vyakula viwili vizuri, naye achague kimoja. Na zawadi ya kufanya vema isiwe pipi. Iwe wimbo aupendao, matembezi, au kukaa kiti cha mbele siku ya safari.

Tuje kwenye mazoezi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi ambao kwa mara ya kwanza uliwataja waziwazi watu wenye ulemavu. Kipimo chao ni kile kile cha watu wazima wengine: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia, na asiyeweza kufikia hapo afanye kiasi anachoweza. Hahitaji mashine. Raba nzuri ya mtumba hupatikana hapa hapa Karume. Asubuhi, kabla magari hayajachachamaa, mwendo wa kutoka Karume kufuata Barabara ya Uhuru kuelekea Mnazi Mmoja ni mazoezi tosha. Kucheza ngoma au taarabu sebuleni ni mazoezi. Kubeba ndoo, kufagia uwanja, kufua, kwenda dukani na kikapu, yote ni mazoezi; tena humpa heshima ya mtu anayetegemewa. Mara ngapi tunamnyang'anya ufagio kwa kumwonea huruma!

Najua jibu la wazazi wengi, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema: "Nikimtoa nje watamcheka. Bodaboda zitamgonga. Binti yangu ataharibiwa na watu waovu." Hofu hizo ni za kweli, na aibu yake ni yetu sisi majirani kabla ya kuwa ya wazazi. Lakini mlango uliofungwa hauondoi hatari. Huibadilisha sura tu, na maovu mengi hutendeka ndani ya milango hiyo hiyo. Dawa yake ni kumtoa pamoja na mtu wa kuaminika, kwa saa inayojulikana, kwa njia ile ile, mpaka muuza magazeti, mama lishe na kijana wa bodaboda wamjue kwa jina. Mtu anayejulikana na mtaa mzima analindwa na mtaa mzima.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Jijini kwetu vipo vikundi vingi vya mbio za pole, vyenye fulana za rangi moja na nyimbo zao. Je, ni vikundi vingapi vimemwalika jirani mwenye ulemavu wa akili? Michezo ya Olimpiki Maalumu, iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver mjini Chicago mwaka 1968, ilikwisha kuwathibitishia walimwengu kwamba watu hawa wanaweza kukimbia, kuogelea na kucheza mpira, na chama chake kipo Tanzania pia. Lakini si lazima mtu asubiri medali. Fulana moja ya ziada katika kikundi cha mtaa inatosha.

Yapo mambo ya kumwona mganga kwanza. Wengi wenye hali ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na baadhi yao wana udhaifu wa mifupa ya shingo. Hao wasipindue vichwa wala kubeba mizigo kichwani kabla ya kupimwa. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni nayo huweza kupunguza kazi yake, mtu akanenepa na kuwa mzito wa mwendo, ikadhaniwa ni uvivu. Baadhi ya dawa za kifafa na za kutuliza akili huongeza hamu ya kula. Usizikatize, bali mweleze daktari. Na wapo wale ambao shida yao si unene bali kukonda, kwa kuwa kutafuna na kumeza huwawia vigumu. Hao wanahitaji chakula laini, chenye nguvu, na mlishaji mwenye subira.

Kumbuka pia kwamba ndugu huyu huenda asiweze kusema, "Naumwa." Akianza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa mara kwa mara, kukojoa kitandani baada ya miaka mingi ya ukavu, au akiwa na kidonda cha mguu kisichopona, usiseme ni tabia yake. Hizo ni dalili za kisukari. Mpeleke kituo cha afya au Hospitali ya Amana, apimwe uzito, sukari na shinikizo la damu, na aendelee kupimwa walau mara moja kila mwaka. Meno, macho na masikio yasisahauliwe.

Hayo yote si fadhila tunayomfanyia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Afya na michezo vimo katika haki hizo. Lakini sheria haiwezi kuingia jikoni kupunguza kijiko cha sukari. Anayeweza ni wewe.

Lipo swali ambalo kila mzazi wa mtu wa namna hii hulala nalo: nikifa, nani atamtunza? Sina jibu la swali zima. Ila ni dhahiri kwamba mtu anayetembea mwenyewe, anayeoga mwenyewe, anayekula kwa kiasi, ajuaye kufagia na kwenda dukani, atapata ndugu wa kumpokea kwa urahisi zaidi kuliko yule anayehitaji watu wawili kumwinua kitandani. Kila asubuhi unapomtoa kutembea, unamwekea akiba ya siku ambayo wewe hutakuwapo.

Basi kesho Jumatatu, ndugu msomaji, mfunge kamba za raba na mtoke pamoja. Na jirani akiuliza unakwenda wapi na huyo mtoto, mjibu kwa heshima kwamba huyu si mtoto, na umtaje kwa jina lake.

Hadi Jumapili ijayo.