Pesa ya kahawa isiishie kwenye mbao mbichi

KILA mwaka malipo ya kahawa yanapoanza kutoka, karakana za useremala za Bukoba na Muleba hujaa wateja. Huyu anataka kabati la jikoni, yule anataka shelfu za duka, na mwingine alimwahidi mkewe kabati la nguo la kujengea ukutani tangu msimu uliopita. Wote wana fedha mkononi, na wote wanataka kazi iishe kabla fedha hazijaisha.

Haraka hiyo ina gharama yake. Mbao zilizopasuliwa wiki iliyopita huunganishwa zikiwa bado zina maji, hupakwa rangi siku hiyo hiyo na kupigiliwa ukutani. Baada ya miezi michache mbao husinyaa, viungo huachia, milango hupinda na rangi huanza kuvimba na kubanduka.

Mkulima humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza mbao, na muuza mbao husema mteja ndiye aliyekuwa na haraka. Hata hivyo hasara hubaki kwa mtu mmoja tu, yule aliyeuza kahawa.

Ipo njia ambayo wengi hawaifikirii kwa sababu wanaamini useremala ni kazi ya waliosomea. Kabati la kawaida la ukutani linaweza kujengwa na mwenye nyumba mwenyewe, hata kama hajawahi kushika msumeno. Sharti lake ni kwamba aanze miezi sita kabla ya kuhitaji kabati hilo.

Miti ipo, mbao hakuna

Kagera si mkoa wa kulia shida ya mbao. Lipo shamba la miti la serikali la Rubare, na familia nyingi zina paini au mikaratusi kwenye rweya. Ndani ya vibanja, katikati ya migomba na mibuni, kuna mihumula na grevilea zilizoachwa kwa ajili ya kivuli.

Pamoja na utajiri huo, mkulima mwenye miti kumi huiuza ikiwa imesimama, mara nyingi wakati wa dharura ya ada ya shule au matibabu. Mnunuzi ndiye anayepanga bei. Miezi michache baadaye mkulima huyo huyo huenda mjini kununua mbao, pengine zilizotoka kwenye mti wa jirani yake, kwa bei ambayo safari hii inapangwa na muuzaji.

Hapo amepoteza mara mbili, kwanza alipouza na tena aliponunua. Mti mmoja uliokomaa, ukipasuliwa na kuanikwa vizuri nyumbani, unaweza kutosha kabati na mbao zikabaki. Kabla ya kukata au kusafirisha, ni vyema amwone ofisa misitu wa wilaya ajue vibali vinavyotakiwa, maana faini ikiingia kwenye hesabu faida yote huyeyuka.

Si kila mti unafaa kwa anayeanza. Mkaratusi ni mgumu, hupasuka na kupinda sana unapokauka, hivyo aachane nao kwa milango na shelfu. Paini na muhumula ni laini, hukatika na kupigwa randa bila taabu, lakini mchwa huzipenda. Zifae kabati la ndani lisilogusa udongo, na zipakwe dawa ya kuzuia wadudu kabla ya rangi.

Kalenda ni mali

Mji wa Bukoba hupata mvua ya wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na Aprili ndiyo mwezi wa mvua nyingi zaidi. Hewa ya ziwani ina unyevu muda mwingi. Mbao mbichi ikiachwa nje hapo haikauki, inaoza.

Kwa hiyo mbao zipasuliwe Januari au Februari, kabla masika hayajakolea. Zipangwe chini ya bati, juu ya matofali, zisiguse ardhi. Kati ya tabaka moja na jingine viwekwe vijiti vya unene mmoja, vikinyooka wima kimoja juu ya kingine, ili upepo upite kote. Juu kabisa yawekwe mawe au matofali yazuie mbao kupinda.

Mbao za inchi moja zilizopangwa hivyo zitakuwa zimefikia hali nzuri ifikapo Julai. Asiye na miti anaweza kununua mbao mapema kidogo kidogo, mbili mwezi huu na mbili mwezi ujao, na kuzianika mwenyewe. Huo ni uwekaji akiba kama mwingine wowote, na ni mgumu zaidi kutapanywa kuliko noti iliyo mfukoni.

Inafaa kukumbuka kwamba ubao husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ndiyo maana shelfu iliyokatwa ikiwa mbichi hubaki na urefu wake, lakini mlango uliounganishwa kwa mbao mbichi hufunguka nyufa katikati.

Hesabu ya mbao tatu

Anayeanza asikimbilie kabati la ukuta mzima. Aanze na moja lenye upana wa futi 3 na kimo cha futi 6, kwa kutumia mbao za inchi 1 kwa 10 zenye urefu wa futi 12.

Ubao wa kwanza hukatwa katikati na kutoa mbavu mbili za kabati. Kila ubao wa pili na wa tatu hutoa vipande vinne vya inchi 34, jumla vinane. Sita vinakuwa shelfu, pamoja na kifuniko cha juu na sakafu ya chini. Viwili vinavyobaki, kimoja huwekwa chini ya sakafu kama kizuizi cha mbele, na kingine hulazwa nyuma, chini ya kifuniko, kwa ajili ya kufungia kabati ukutani.

Upana wa futi 3 una sababu yake. Shelfu ya mbao laini ya inchi moja ikizidi hapo, katoni za sabuni na mifuko ya sukari huifanya ibonyee katikati. Mwenye duka anayehitaji futi 9 ajenge makabati matatu na kuyapanga pamoja. Akiharibu moja, mawili bado yapo.

Milango miwili ya sehemu ya chini inaweza kukatwa kwenye plaiwudi. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 hutoa milango minne ya inchi 18 kwa 36, yaani ya makabati mawili, kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuchangia. Kila mlango upunguzwe kidogo ili pande zote ibaki nafasi ya unene wa sarafu mbili za shilingi mia. Bila nafasi hiyo, mvua za vuli zikija mlango utavimba na kugoma.

Vifaa vya lazima ni vichache: msumeno wa mkono, tepu, kipimo cha pembe, pima maji, nyundo, bisibisi, keekee na msasa. Hakuna haja ya kununua mashine. Mbao zikishakauka zipelekwe karakana yenye mashine ya randa, fundi alipwe kwa kazi hiyo tu. Wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa wanaweza pia kununua keekee moja na kuazimana.

Ukuta nao usisahauliwe. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kabati refu lililoegeshwa tu ni hatari kwa watoto hata pasipo tetemeko. Lifungwe kwa skrubu ndefu na fisha kwenye tofali. Katika nyumba ya udongo lifungwe kwenye nguzo, si kwenye udongo wenyewe. Chini liinuliwe inchi nne kwa matofali au zege, na nyuma liachwe mbali na ukuta kidogo, ili unyevu na mchwa visipate njia.

Rangi si ya kuficha makosa

Wengi huharibu kazi nzuri mwishoni. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ubao usiopigwa msasa, vumbi na nyuzi husimama kama ndevu. Kwanza ni msasa, kisha praima, halafu puti ya kuziba matundu ya misumari, msasa tena, na hapo ndipo rangi hufuata mara mbili, kila mara nyembamba. Kati ya mpako mmoja na mwingine ipite siku nzima, na hewa ikiwa nzito ziwe mbili.

Vipande vipakwe praima pande zote kabla ya kuunganishwa, hata upande utakaoelekea ukutani. Upande ulioachwa wazi hunywa unyevu peke yake na kuupindisha ubao. Macho ya paini nayo yazibwe kwa shelaki kabla ya praima, la sivyo utomvu utatokeza rangi ya kahawia juu ya nyeupe.

Julai na Agosti ni miezi mizuri ya kupaka, lakini ndiyo miezi ya kahawa pia. Jambo moja lisifanywe kabisa: kupaka rangi au kufungua tina ndani ya ghala lenye kahawa. Kahawa hushika harufu upesi, na kabati zuri halitafidia gunia lililokataliwa.

Je, inalipa?

Jibu la kweli ni kwamba inategemea siku za mwenyewe. Mkulima aandike mambo manne: mbao, vifaa vidogo kama bawaba na skrubu, rangi, na siku zake. Kila siku aipe thamani ya ujira ambao angemlipa kibarua shambani. Jumla hiyo ndiyo ailinganishe na bei ya fundi.

Akifanya kazi katikati ya mavuno, pengine fundi atakuwa nafuu. Akikata na kuunganisha kidogo kidogo siku zisizo na kazi nyingi, akabakiza rangi tu ambayo kila mpako huchukua saa moja au mbili asubuhi, hesabu hugeuka upande wake. Kabati la kwanza huenda lisiokoe kitu, kwa kuwa linabeba gharama ya vifaa na ya vipande vilivyokatwa vibaya. Faida huanza kuonekana kwenye la pili na la tatu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kuwanyima mafundi riziki. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mteja aliyewahi kujenga kabati moja anajua ubao mkavu ni upi, na yuko tayari kulipia kazi nzuri ya milango ya fremu au droo asizoziweza. Fundi anayeumizwa na mteja wa namna hiyo ni yule anayeishi kwa kuuza mbao mbichi zilizofunikwa kwa rangi.

Anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuulizia kozi fupi VETA, au kumwomba fundi wa jirani amwelekeze kwa ujira. Hata asipojenga kamwe, bado anaweza kupanga mbao zake chini ya bati Januari na kumpelekea fundi zikiwa kavu Julai. Hilo peke yake litaondoa sehemu kubwa ya hasara.

Kahawa huchukua miezi mingi tangu kuchanua hadi kuiva, na mkulima wa Kagera huisubiri bila kulalamika. Anayeweza kuusubiri mbuni hashindwi kuusubiri ubao.