Mambo ya Shamba: Kidukari wa Saiprasi na Adui Yake

Mtu asafiriye kutoka Nakuru kwenda Njoro, kisha Elburgon na Molo, haukosi mti wa saiprasi mbele ya macho yake. Umezunguka mashamba kama ukuta, umesimama penye viwanja vya shule na makanisa, na kwenye miinuko ya Mau umepandwa na watu wa misitu kwa safu zilizonyoka. Mbao zake hutumika kwa mapaa ya nyumba, nguzo zake hushika nyaya za ua, na matawi yake yaliyopunguzwa huishia jikoni. Ni mti wa kigeni, uliotoka Mexico na nchi za jirani yake, lakini wakulima wengi wa Bonde la Ufa wameuzoea hata huudhani kuwa wa kwao. Mti kama huu ukiugua, msiba si wa watu wa misitu peke yao. Ni wa kila mwenye ng'ombe ategemeaye ua usiopenyeka.

Msiba huo ulifika Kenya mwaka 1990. Ulioletwa si ugonjwa bali ni mdudu, naye ni kidukari. Alikwisha kuonekana Malawi mwaka 1986 na Tanzania mwaka 1988, akapanda kuja kaskazini nchi baada ya nchi. Kwao ni pande za mashariki ya Bahari ya Kati, tokea Ugiriki mpaka Iran. Wataalamu walimchanganya na ndugu yake mmoja hata mwaka 1999, ndipo alipopewa jina lake mwenyewe la kisayansi, Cinara cupressivora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 thamani ya miti iliyokufa katika nchi za Afrika zilizoingiliwa ilikadiriwa kuwa dola milioni 44 za Marekani, na kila mwaka zilipotea karibu milioni 15 nyingine kwa miti iliyodumaa. Hasara ya nyua za watu binafsi ni vigumu kuihesabu, kwa sababu ua hauuzwi sokoni.

Umbo lake ni dogo, milimita mbili mpaka nne. Rangi yake ni ya kahawia, kama aliyenyunyiziwa unga wa kijivu. Hukaa kwa makundi juu ya vijiti vya ndani, penye kivuli, na hiyo ndiyo sababu mwenye shamba apitaye nje ya ua wake kila asubuhi huweza kukaa wiki nyingi asimwone. Jike huzaa watoto walio hai pasipo kuhitaji dume, kwa hiyo mmoja aliyechukuliwa na upepo atosha kuanzisha ukoo. Hufyonza utomvu wa mti, na mate yake ni sumu kwa saiprasi. Kwa ajili ya sumu hiyo kijiti hukauka hata kama waliokaa juu yake ni wachache.

Dalili ya kwanza si majani makavu. Ni maji matamu, yanatayo kama asali, ambayo mdudu huyatoa kwa wingi. Sisimizi huyafuata, wakipanda na kushuka shinani kama watu waendao gulioni. Baadaye ukungu mweusi humea juu ya maji hayo, na matawi huonekana kama yaliyopakwa masizi. Akina mama waanikao nguo juu ya ua hujua habari hii kabla ya Bwana Shamba, maana shuka nyeupe hurudi nyumbani na madoa. Ndipo majani hugeuka kuwa manjano, kisha hudhurungi, kuanzia ndani ya mti kwenda nje. Wakati wa kiangazi, mti unapokuwa na kiu, madhara huzidi.

Kabla ya kutafuta dawa yafaa kukumbuka kwamba hii si mara ya kwanza kwa nchi hii kulilia mti wa kigeni. Saiprasi ya kwanza kupendwa na walowezi ilikuwa ya namna nyingine, iliyotoka California. Ikaingiwa na ugonjwa wa vidonda vya magome, nayo ikaachwa. Hii ya Mexico ndiyo iliyoshika mahali pake. Kisha msonobari uitwao radiata, nao wa kutoka California, ulipandwa kwa wingi, na katika miaka ya 1960 ugonjwa wa ukungu ukayaangusha majani yake hata upandaji wake ukasimamishwa. Ndipo saiprasi ilipoongezewa mzigo, hata ikawa yapata nusu ya misitu yote ya kupandwa nchini. Kidukari alipofika alikuta karamu imekwisha andaliwa, na milango i wazi.

Mwenye shamba aonapo ua wake umeanza kukauka, wazo lake la kwanza ni bomba la dawa. Wazo hilo si la kijinga, lakini lina kasoro mbili. Saiprasi ni mti mrefu na mnene. Dawa inyunyizwayo kutoka nje haiwafikii wadudu waliojificha ndani, na kunyunyizia msitu mzima ni gharama isiyolipika. Kasoro ya pili ndiyo kubwa zaidi. Dawa haichagui. Hata pareto, ambalo kiwanda chake ki papo hapo Nakuru na ambalo sifa yake njema ni kuharibika upesi juani, huua adui za kidukari pamoja na kidukari mwenyewe. Naye kidukari, kwa kuwa huzaa upesi kuliko wao, ndiye arudiye kwanza.

Jambo hili limejulikana pia kwa wakulima wa Georgia na Texas, kule Marekani, walimao mti uitwao pikani kwa ajili ya kokwa zake tamu. Mti huo una vidukari wa namna tatu, wawili wa rangi ya manjano na mmoja mweusi. Walionyunyizia mapema bila hesabu waliona vidukari wakirudi kwa wingi kupita wa kwanza, kwa kuwa wale mbawakawa wadogo wenye madoa, walao vidukari, walikuwa wamekufa. Mkulima mwangalifu wa huko sasa hugeuza majani na kuwahesabu wadudu waliopo kabla ya kugusa bomba.

Kwa saiprasi, adui aliyetafutwa ni nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum. Alichukuliwa Ulaya, na mwaka 1994 akafunguliwa Malawi. Baadaye aliletwa Kenya pia. Hamwumi mtu wala ng'ombe. Kazi yake ni kutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Mtoto huanguliwa humo na kumla mwenyeji wake kutoka ndani. Kidukari aliyekwisha kuliwa hubaki kijitini kama ganda lililovimba, kavu, lenye tundu la mviringo pale nyigu mpya alipotokea. Ganda hilo ndilo la kutafutwa. Mwenye ua akifunua matawi na kuona maganda mengi yenye matundu, aweke bomba chini. Nyigu hawezi kumaliza vidukari wote, maana angewamaliza naye angekufa kwa njaa. Lakini huwapunguza hata mti ukapata nafasi ya kupumua.

Palipo na miche michanga kitalu kinaweza kuokolewa kwa mkono: vijiti vyenye makundi hukatwa na kuchomwa moto, na maji ya sabuni hunyunyiziwa mpaka ndani. Kwa ua mkubwa shauri ni jingine. Tawi la saiprasi lililokauka mpaka kwenye mti mtupu halichipui tena, kwa hiyo kulikata fupi kwa matumaini ya majani mapya ni kazi bure. Lakini mti uliokauka upande mmoja, na kilele chake kikiwa kibichi, usihukumiwe kufa. Wako watu wanaong'oa ua mzima mwezi wa Februari, ambao kama wangengoja mvua za Aprili wangejua ni miti mingapi iliyo hai. Mwenye haja ya kuni huona ni heri kukata. Hasira yake yaeleweka, lakini ua mpya wahitaji miaka, na mbuzi wa jirani hawangoji.

Penye pengo, asirudishe saiprasi tupu. Kayaba yenye miiba huzuia mifugo vizuri, na mgrevilea hutoa kuni na mbao. Mtarakwa, mti wa asili wa Mau ambao zamani ulipelekwa Uingereza kutengenezea penseli, hushambuliwa na kidukari huyu huyu, basi haufai kuwa kimbilio, ingawa ni aibu mti wa nchi uumizwe na mgeni wa mgeni.

Lipo jambo moja dogo ambalo watu hulisahau. Kila Desemba matawi mabichi ya saiprasi hukatwa na kuuzwa kando ya barabara kwa ajili ya Krismasi, yakasafiri kwa basi na lori kutoka milimani kwenda mijini na mashambani. Sikukuu ikiisha hutupwa nyuma ya nyumba, mara nyingi karibu na ua. Tawi lenye masizi au sisimizi lisinunuliwe, na lililokwisha pambwa lichomwe moto siku ile ile litolewapo nyumbani.