Mabara Matano au Saba?

Hapa Bunia wako watu wanaoshikilia kwamba mabara ya dunia ni matano, basi, na anayesema saba amedanganywa. Mtoto aliyesoma Uganda akirudi kwetu na kuandika “saba” katika mtihani, aweza kupewa sifuri. Nasema wazi: sifuri hiyo ni dhuluma.

Maana hesabu zote mbili ni kazi ya watu. Sisi tulipokea ile ya Wabelgiji na Wafaransa: Afrika, Amerika, Asia, Ulaya na Oseania. Uganda walipokea ya Waingereza, wanaoigawa Amerika kuwa mbili na kuongeza Antaktika, nchi ya barafu ya kusini kabisa. Warusi nao huziunganisha Ulaya na Asia (na kweli, milima ya Ural si bahari!). Je, nani mwongo?

Shikeni rozari ya misioni, iliyoanzishwa na Fulton Sheen wa Marekani mwaka 1951. Kijani ni Afrika, nyekundu Amerika, nyeupe Ulaya, buluu Oseania, manjano Asia. Antaktika haina fungu lake. Mbona? Rozari ile huhesabu mataifa ya watu, na kule hakuna wenyeji. Anayehesabu nchi kavu atapata hesabu nyingine.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika, aliyefariki mwaka 430, aliandika matatu tu: Asia, Ulaya na Afrika. Tena kwa Warumi jina Afrika lilikuwa kwanza la nchi ya Kartago, huko Tunisia ya leo, Ituri haikuwamo. Na neno letu “bara”? Mtu wa Zanzibar akisema anakwenda bara, haendi Asia. Anavuka tu kwenda Dar es Salaam.

Wengine watajibu: “Mtoto afuate kitabu.” Vema, afuate. Lakini mwalimu naye aandike swali sawasawa: “Kwa hesabu ya kitabu chetu, mabara ni mangapi? Yataje.” Anayeyataja saba bila kukosea amejifunza kitu. Yule aliyekariri “matano”, wala hajui Oseania iko wapi, amejifunza nini?

Watoto wengi wa Ituri walisoma Uganda kwa sababu ya vita, si kwa kupenda. Wamerudi na elimu waliyoipata ukimbizini. Walimu, msiwafutie kwa kalamu nyekundu kabla ya kuwauliza wamehesabu vipi.