Futa, Andika 9.8

Tangu tulipotangaza kwamba toleo hili litakuwa la vipimo, barua zimekuja za pande mbili, na zote zimenikera. Upande mmoja unasema kupima ni kazi ya karani: wenye akili huwaza nadharia, kisha mtu mwenye subira huongeza tarakimu nyuma ya nukta. Upande wa pili unataka kila wasifu wa mwanafizikia uanze na vyuo na shahada, alisoma wapi na chini ya profesa gani, ili msomaji ajue kama ni mtu wa kuaminika. Nitawajibu wote kwa mtu mmoja.

Louis Essen alizaliwa Nottingham mwaka 1908. Shahada yake ya kwanza ya fizikia, ya Chuo Kikuu cha London, aliipata mwaka 1928 akisomea hukohuko Nottingham. Mwaka uliofuata akaajiriwa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, kule Teddington, akabaki hapo mpaka anastaafu. Udaktari ulikuja mwaka 1941, wakati saa yake ya pete ya kwatzi ilikuwa imeshajulikana tangu 1938. Wasifu wa shule unaishia hapo. Yaliyobaki hayamo kwenye cheti chochote: miaka na miaka ya kukaa na kifaa kilekile, kukichunguza kikiwa na joto na kikiwa baridi, mpaka ajue kinapodanganya kinadanganya kwa kiasi gani.

Kazi ya rada wakati wa vita ilimfikisha kwenye maikrowevu. Mwaka 1946, akiwa na A. C. Gordon-Smith, alichukua silinda ya metali iliyo tupu ndani, akaondoa hewa, akaingiza mawimbi hayo. Silinda ya namna hiyo huitikia frikwensi fulani tu, kama chupa inavyotoa mlio wake mmoja ukiipuliza mdomoni. Frikwensi hiyo inategemea ukubwa wa silinda na kasi ya mwanga. Pima silinda, pima frikwensi, kasi inajitokeza. Kwenye frikwensi Essen hakuwa na wasiwasi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wasiwasi ulikuwa kwenye urefu. Ukikosea vipimo vya silinda kwa sehemu moja tu katika laki moja, jibu linahama kilomita 3 kwa sekunde.

Alipata kilomita 299,792 kwa sekunde. Kitabuni palikuwa na 299,776, na pembeni yake shaka ya kilomita 4 tu kila upande. Tofauti ni 16, mara nne ya shaka iliyotangazwa. Waliosoma matokeo yake waliona afadhali amekosea yeye.

Sasa tazameni ile 16 ilitoka wapi, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami. Albert Michelson, afisa wa jeshi la maji aliyekuwa akifundisha Annapolis, alipima kasi ya mwanga mwaka 1879 kwa kioo kinachozunguka akapata 299,910, na shaka ya 50. Alikosea kwa 118, yaani hata shaka yake aliikadiria ndogo mno. Hakuacha. Mwaka 1926, akiwa mzee, alirusha mwanga kutoka mlima Wilson hadi mlima mwingine wa California ulio kilomita 35 mbali, akapata 299,796, shaka 4. Jibu la kweli limo ndani ya mipaka hiyo. Akaanza kipimo kingine, ndani ya bomba refu lililoondolewa hewa karibu na Santa Ana, akafariki mwaka 1931 kabla hakijaisha. Wenzake wakakimaliza, wakatangaza 299,774. Jibu hilo jipya lilikuwa bovu kuliko la 1926, lakini lilikuwa na jina la Michelson na lilikuwa la mwisho. Vipimo vya watu wengine miaka hiyo vikaja kujipanga karibu yake, kama ng'ombe nyuma ya kiongozi.

Sisemi walidanganya. Mtu akipata namba iliyo mbali na ya mkubwa wake, hurudi kutafuta kosa, na kosa haliwezi kukosekana. Akipata namba iliyo karibu, anaacha kutafuta. Kila mmoja anafanya kazi yake kwa uaminifu, na wote kwa pamoja wanapotea.

Nalijua jambo hili kwa mkono wangu. Nikiwa kidato cha tatu tulipewa uzi, jiwe na saa ya kuhesabia sekunde, tupate nguvu ya mvutano wa dunia kwa bembea ya pendula. Nilipima uzi: mita 1 kamili. Bembea 20 zilichukua sekunde 41. Nikakokotoa mara mbili, nikapata 9.4. Mwalimu alisimama nyuma yangu, akasoma daftari, akasema: “Futa, andika 9.8.” Nikafuta. Nikabadilisha na sekunde, zikawa 40.1, ili hesabu ikubali. Nikapata alama zote. Wanafunzi wana jina la kazi hii, wanaiita kupika, na hakuna aliyenielezea kwamba ni wizi.

Miaka mingi baadaye nilikumbuka lile jiwe. Lilikuwa kubwa kuliko yai la bata, na uzi nilikuwa nimeupima mpaka kwenye fundo. Urefu wa pendula huishia katikati ya jiwe, na kutoka fundo hadi hapo ni kama sentimita 4. Weka mita 1.04, na zile sekunde 41 zinatoa 9.8 bila kupikwa. Hesabu yangu ya bembea ilikuwa sawa na saa ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye urefu, palepale Essen alipokuwa na wasiwasi, na ile 9.4 ndiyo iliyokuwa inaniambia. Raba iliifuta pamoja na somo lenyewe.

Tena ile 9.81 iliyochapwa kwenye vitabu vyetu ni ya Ulaya. Huku karibu na ikweta ni kama 9.78. Kwa uzi na jiwe tofauti hiyo haionekani, kwani kidole kikichelewa sehemu ya tano ya sekunde tayari jibu linayumba kwa 0.1. Lakini mtoto anayepata 9.7 na kuandika kando yake “jumlisha au toa 0.1” ameandika fizikia nzuri kuliko anayenakili 9.81.

Njia ya kujizuia ipo. Kwenye maabara ya Fermilab, Marekani, waliopima usumaku wa chembe ya muoni walikubali saa ya vifaa vyao iendeshwe kwa frikwensi ambayo wao wenyewe hawakuijua. Namba hiyo ilishikwa na watu wawili wasio wa kundi lao, ikafungwa kwenye bahasha. Uchambuzi ukaisha, wakabishana, wakaafikiana, ndipo bahasha ikafunguliwa, mwaka 2021. Jibu la mwisho lilitangazwa 2025, na shaka ya sehemu 127 katika bilioni. Wanaosema kupima ni ukarani waniambie ni karani gani anayefungia jibu lake kwenye bahasha ili moyo wake usimpotoshe.

Makala za toleo hili, basi. Ya kwanza ni ya mizani ya Kibble na kilo mpya ya 2019. Ina hesabu, isomwe taratibu. Ya saa za atomu inaanzia kwenye saa ya seziamu ya Essen na Jack Parry ya 1955. Ya tatu ni ya Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba aliyeona mwaka 1963 mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa, akachekwa, akaendelea kuuliza mpaka akachapisha na mwanafizikia Denis Osborne mwaka 1969. Mwandishi wetu amewakasirikia watafiti wa 2016 walioonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini kunaweza kuzaa tofauti hiyo. Hapa sikubaliani naye. Mpemba alikataa kufuta alichokiona, na kumpima upya kwa ukali ndiyo heshima anayostahili.

Turudi kwa Essen. Aliunda silinda nyingine, akapima tena, na mwaka 1950 akatangaza 299,792.5. Thamani iliyowekwa na mkataba wa dunia mwaka 1983 ni 299,792.458. Alikuwa amekosea kwa mita 42 kwa sekunde.

Kwa walimu nina ombi. Kuanzia toleo lijalo tutachapa majibu ya pendula ya wanafunzi kutoka shule yoyote, bila kurekebisha hata moja, na 9.4 tutaipa nafasi sawa na 9.8. Andikeni sekunde zote kama zilivyosomwa, hata zile zilizowatia aibu. Andikeni urefu wa uzi, na mseme mmeupima kutoka wapi hadi wapi.